Miche ya mtandamboo, kitalu cha kando ya barabara Bombolulu: nyota 3

Jamani jina la mti huu wa miba wa kuzungushia ua msinicheke, ndilo jina lake. Kiwanja changu kiko Utange na mbuzi wa majirani walikuwa wamekigeuza barabara, sasa nikakumbuka kule kwa shangazi Kinango boma lote lilizungushwa mtandamboo na hakuna aliyepita, mbuzi majani wanayatafuna ila ndani haingii mtu. Nikashuka kitaluni nikamwambia yule kijana, mwanangu nataka mtandamboo wa nyika, sitaki wa mapambo. Akaniapia, "mamangu huu ndio wenyewe". Miche 30, mia mia, na akaniletea kwa tuktuk bure.

Hii ni masika ya pili. Yote imeshika, maji nilitia miezi ya mwanzo tu, na hata kaskazi jua lilipochoma majani yalibaki kijani vilevile. Shida ni kwamba 11 si mtandamboo! Ni ile ndugu yake ya Afrika Kusini, wenye mabustani wanaiita karisa (Wagiriama tulieni, si Karisa wenu). Nimejua kwa miba: mtandamboo mwiba wake ni mmoja umenyooka, hii nyingine mwiba umegawanyika kama panda ya manati. Na tunda lake ni jekundu, kubwa kama tende, wakati la mtandamboo ni dogo la mviringo, likiiva linakuwa zambarau karibu na nyeusi, na ni tamu, si mchezo. Ukilichuma bichi utomvu wake mweupe utakugandisha midomo.

Kusema kweli hizo 11 nimezipikia jemu na watoto wameisifu, kwa hiyo hasira zimepungua. Mtandamboo wenyewe bado ni maua tu, meupe yenye wekundu kwa nje, jioni yananukia kama asmini.

Ila kijana alinikera pale nilipomuuliza watoto wakiokota matunda porini watajuaje, akajibu "yote yanaliwa". Wapi! Ule mti wa utsungu, wa sumu ya mishale, matunda yake yakiiva yanafanana na ya mtandamboo na utomvu mweupe pia unao, tofauti ni kwamba hauna miba. Muuza miche hafai kukosa kujua hilo.

Ntarudi kuchukua 10 za kuziba mapengo, lakini safari hii nakagua miba mche kwa mche, na glavu naenda nazo.