Tairi za kashata kwenye tope la Bahi: uzoefu wangu

Pikipiki yangu ni ya cc 150, hizi za Kihindi ambazo bodaboda wengi wa Dodoma wanaziendesha. Nimeifunga kashata, yaani tairi zenye meno makubwa, mbele na nyuma, na tangu hapo nimeipitisha kwenye lami, changarawe, mchanga wa makorongo, na mvua zilipokolea nikaiingiza kwenye udongo mweusi wa mbuga ya Bahi, yaani bonde la tope, si hifadhi ya wanyama. Kwa mwenye haraka, maoni yangu ni haya: kwa njia za vijijini za mkoa huu kashata ni tairi sahihi kabisa, lakini kwenye tope jeusi usitegemee tairi peke yake. Kitakachokusimamisha ni madigadi ya mbele, hata tairi iwe nzuri namna gani.

Kwanza ununuzi wenyewe. Ringi za pikipiki yangu zinachukua 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na saizi hizo utazipata karibu kila duka la spea mjini. Jozi ya kashata ilinizidishia gharama kama ya nusu tanki la petroli ukilinganisha na tairi za kawaida. Ukifika dukani usikubali kuuziwa kwa jina tu, maana zote zinaitwa kashata na hazifanani. Zipo zenye meno mafupi yaliyobanana, ambazo ukizitazama kwa mbali zinapendeza, lakini tope likiingia katikati halitoki. Zipo zenye meno marefu yaliyoachana. Mimi hupima kwa kidole gumba, kikizama vizuri kati ya jino na jino naichukua. Angalia na tarakimu nne zilizogongwa ubavuni mwa tairi, mbili za mwanzo ni wiki iliyotengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Tairi iliyokaa miaka juani mlangoni mwa duka huwa imeshakakamaa hata kama ina rangi ya upya. Na fundi akiifunga, hakikisha mshale wa ubavuni unaelekea upande ambao gurudumu linazunguka.

Safari ninayoisimulia tulikuwa wawili. Mwenzangu ni bwana mifugo, anaendesha Honda XL125 ya zamani aliyoinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali. Wengi tumekua tukiziona pikipiki hizo kwa mabwana shamba na manesi wa vijijini. Ringi yake ya mbele ni inchi 21, ya nyuma 18, na madigadi ya mbele imefungwa juu kabisa, mbali na tairi. Nilitaka kwenda naye kwa sababu hiyo hiyo, nione tairi za aina moja kwenye pikipiki mbili zilizoundwa kwa makusudi tofauti.

Kutoka Dodoma mjini hadi Bahi ni lami ya barabara ya Singida, kama kilomita 60. Hapo kashata si rafiki. Zinavuma, mikono inahisi mtetemo kuanzia kilomita 60 kwa saa, na kwenye kona pikipiki inayumba kidogo kwa kuwa imesimama juu ya meno, haijalala kwenye mpira wenyewe. Lami ikiwa imelowa ni lazima ufunge breki mapema kuliko ulivyozoea. Hili nalisema kwa msisitizo kwa wanaobeba abiria mjini, maana nimewaona vijana wakifunga kashata kwa ajili ya muonekano, halafu kutwa nzima wanazunguka Majengo, Sabasaba na Kisasa. Kwa kazi hiyo tairi ya barabarani ni salama zaidi.

Tulipoiacha lami Bahi mambo yakageuka. Vipande vya mwanzo vya njia vilikuwa udongo mwekundu uliochanganyika na mchanga, umeloa lakini umeshikana, na hapo tairi zilifanya kazi hadi nikafurahi moyoni. Pale ambapo tairi ya kawaida ingekwenda mshazari, hizi zilikuwa zinauma ardhi. Tulivuka makorongo mawili yenye mchanga mzito kwa gia ya pili bila kushusha mguu. Kama njia zako ni za Mvumi, Hombolo au Mpunguzi, kwenye mchanga na changarawe, unaweza kuishia kusoma hapa na uende ukanunue.

Mbuga ni jambo jingine. Bahi iko bondeni, chini ya Dodoma mjini, na Mto Bubu unamwaga maji yake humo kila masika. Dodoma mjini hupata wastani wa kama milimita 570 tu za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, lakini bonde hilo hupokea maji ya mbali, ndiyo maana mpunga unalimwa katikati ya nchi ya ukame. Udongo wake ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa ndama, na ukinyweshwa unavimba na kunata. Tabia hiyo ya kuvimba ndiyo inayowasumbua hata wajenzi wa barabara, na ndiyo inayoua pikipiki.

Inavyotokea ni hivi. Jino la tairi linaingia kwenye tope na kushika vizuri, kisha linatoka na bonge. Gurudumu la nyuma likizunguka kwa kasi linalirusha bonge hilo, meno yakiachana vizuri yanajisafisha yenyewe. Gurudumu la mbele halina injini ya kulizungusha, linasukumwa tu. Bonge linabaki, linapanda juu, linakutana na madigadi iliyo karibu na tairi kwa nafasi ndogo mno, linabanwa. Kila mzunguko unaongeza tabaka. Na mbugani kuna majani, kwa hiyo tope linajichanganya na majani na kukaza kama udongo wa kukandikia nyumba ya tembe. Ghafla gurudumu la mbele halizunguki tena. Unanyonga mafuta, nyuma kunachimba, mbele kunaburuzwa kama jembe.

Kwangu hali hiyo ilianza mita chache tu baada ya kuingia weusi. Mwenzangu akapita pembeni na XL yake, taratibu, tope likidondoka lenyewe chini ya madigadi yake ya juu. Akasimama mbele, akarudi kwa miguu. "Kaka, usinyonge tena, utaunguza klachi. Shuka tukwangue." Tukakwangua kwa kijiti, nikaenda kidogo, ikajaa tena. Alinitazama, akatoa spana kwenye begi lake, tukaifungua madigadi ya mbele na kuifunga nyuma kwenye keria kwa mpira. Kuanzia hapo pikipiki ilikuwa nyingine kabisa. Tope lilinirukia hadi kwenye kofia ngumu, macho yakawa yanategemea kioo chake, lakini gurudumu lilizunguka na kashata zikaonyesha thamani yake. Kwa hiyo ninapozipa tairi hizi alama za juu, nazipa zikiwa zimepewa nafasi ya kupumua.

Jambo la pili lililosaidia ni upepo. Barabarani mimi huweka psi 25 mbele na 28 nyuma. Kwenye tope tulishusha hadi karibu 18 mbele na 20 nyuma, tairi ikatanuka kidogo chini na kushika eneo kubwa zaidi. Usiende chini sana ya hapo kama tairi yako ina tyubu. Tairi iliyolegea huteleza juu ya ringi, inaivuta tyubu, na nozo inachanika pale shingoni, na tyubu iliyochanika shingoni haizibiki kwa kiraka. Beba pampu ya mkono ili urudishe upepo kabla ya kurudi kwenye lami.

Uendeshaji nao una adabu yake. Gia ya pili, mafuta kidogo yasiyobadilika badilika, breki ya mbele usiiguse, uzito wako urudishe nyuma kidogo ili gurudumu la mbele lielee. Tazama mbali unakokwenda. Ukitazama matope yaliyo mbele ya tairi utaishia humo humo.

Karibu na mashamba ya mpunga tulikutana na mzee anachunga. Tulimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaitikia na kutusogelea. Akatazama pikipiki, akatuambia, "Wanangu, huko mbele maji. Fuateni kule kwenye mibuyu, kule ardhi ngumu." Ushauri huo nauthamini kuliko kifaa chochote nilichobeba. Mbuyu hauoti kwenye udongo unaotuama maji, kwa hiyo ukiona mibuyu imesimama kwa mstari ujue chini yake kuna udongo mwekundu au kichanga unaopitisha maji. Tukazunguka kwa huko, njia ikawa ndefu, lakini hatukukwama tena.

Baada ya safari kuna kazi. Breki za shuu zikiingia maji ya tope zinapoteza nguvu, hivyo tulipopanda lami tulizibonyeza kidogo kidogo tukiwa mwendo wa taratibu hadi zikakauka na kushika. Nyumbani nikafungua ngoma zote mbili nikasafisha. Cheni niliisugua kwa mafuta ya taa na brashi, ikakauka, ndipo nikaipaka oili. Ukipeleka pikipiki kwa waosha magari, waombe wasielekeze mashine ya presha kwenye beringi za magurudumu. Maji yakipenya humo grisi inatoka, na utaanza kusikia mlio wiki chache baadaye. Filta ya hewa pia itoe uisafishe.

Kuhusu kudumu, tairi ya nyuma imeanza kulika katikati, na najua ni ile lami ya kwenda na kurudi Bahi, maana meno ya pembeni bado ni makali. Ya mbele haijapungua kitu cha kuonekana. Nyuma nitarudisha aina ile ile, yenye meno yaliyoachana. Kabla ya hapo fundi ananitengenezea vyuma vya kuinua madigadi ya mbele, ikae juu kama ya XL, kwa sababu kuendesha bila madigadi lami ikiwa na maji ni kujirushia uchafu usoni na kujinyima kuona. Mwenye njia za mbuga aanze na kazi hiyo ya fundi, kisha ndipo aende dukani kutafuta tairi.