Uzoefu wangu: seti ya behewa la resini iliyochanganya miaka, na picha ya dola 4

Picha niliinunua dola 4 kwenye gulio la wapenda reli hapa Illinois, ndani ya boksi la viatu lililojaa picha zisizo na wenyewe. Ni ya ukubwa wa kadi ya posta, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na panya. Behewa la mizigo limepigwa kwa mshazari, kwa hiyo ubavu na ncha moja vyote vinaonekana, na mbele yake kasimama mwanamume mwenye ovaroli, mkononi ana kopo la mdomo mrefu. Nyuma hakuna neno hata moja. Muuzaji nilipomuuliza ni behewa gani alicheka: "La zamani."

Nikaamua nijenge modeli ya hilo hilo, si ya ndugu yake, kwa kipimo cha HO, yaani moja kwa 87. Seti niliyoinunua, vipande vya kuunga mwenyewe, ni ya resini na ilinigharimu dola 58 kabla ya posta. Mtengenezaji sitamtaja, ni mtu na karakana yake ndogo, na huenda seti zake nyingine hazina matatizo niliyoyakuta kwenye hii.

Kabla ya kununua chochote lazima ujue unatafuta nini. Kilichonifungua macho kwanza ni ubavu. Mbao zimelala, na mifupa ya chuma, nguzo na mishazari, imebaki nje. Aliyekulia kwetu ataelewa mara moja: ni nyumba ya fito ambayo haijakandikwa. Lakini kampuni nyingi za Marekani zilijenga mabehewa ya namna hiyo, kwa hiyo ubavu peke yake hautoshi. Nikahamia kwenye ncha. Ile ncha ni bati nene lenye migongo iliyolala, vipande vitatu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Nilihesabu migongo kwa ncha ya sindano huku nimeshika lenzi: mitano, mitano, mitano. Hapo moyo ukaanza kwenda mbio, maana huo ni mwandiko wa USRA.

Kwa asiyeijua: Desemba 1917, Marekani ikiwa vitani na reli zimekwama kwa msongamano, Rais Woodrow Wilson aliziweka reli za nchi nzima chini ya serikali, na chombo kilichoziendesha ni United States Railroad Administration. Kiliagiza mabehewa ya mizigo yapatayo 100,000 kwa michoro ya pamoja, kikayagawa kwa kampuni mbalimbali, na tarehe 1 Machi 1920 reli zikarudishwa kwa wenyewe. Kampuni ya reli ya Pennsylvania ilipata fungu kubwa la haya yenye ubavu wa mbao tabaka moja na uwezo wa tani 50, karibu 10,000, ikayaita X26. Kwenye picha yangu jina la Pennsylvania linasomeka vizuri. Kwa hiyo si X29, aina nyingine ya kampuni hiyo, maana hiyo ina ubavu wa chuma mtupu na ilianza kujengwa 1924.

Bogi, yaani fremu za magurudumu chini ya behewa, nazo zilikubali. Ni za Andrews: kisanduku cha ekseli ni kipande cha peke yake kilichofungwa kwa boliti, na chini yake unapita ukanda wa chuma. Bogi za Bettendorf zilizokuja kutawala baadaye zina kisanduku kilichosubiwa pamoja na fremu. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, hutaacha kuiona.

Namba ndiyo ilinitoa jasho. Tarakimu moja ilikuwa imefifia, na hapa naingiza malalamiko yangu ya kwanza. Nililipia mwezi mmoja programu ya simu inayodai kunoa picha chakavu. Mwanamume alirudi uso unang'aa kama bwana harusi. Mbao zikawa laini, misumari ikapotea. Yale maandishi madogo ya ubavuni yakageuka herufi nzuri kabisa ambazo hazimo katika alfabeti yoyote, na ile tarakimu yangu yenye shaka ikawa 8 safi, haina hata chembe ya wasiwasi. Nikaenda nayo kwenye Official Railway Equipment Register, kitabu kinachoorodhesha kila kundi la namba la kila kampuni pamoja na vipimo vyake (niliazima nakala ya toleo la wakati wa Vita Kuu ya Pili). Namba hiyo ikaangukia kwenye mabehewa ya makaa. Makaa! Na picha ina mlango wa kuvuta na paa.

Nikaifuta programu. Nilikwenda maktaba ya mtaa, wana skana ya kulaza na hawatozi kitu, nikaipiga picha kwa nukta 1,200 kwa inchi bila kunoa chochote. Kisha nyumbani nikaiinamisha picha yenyewe chini ya taa ya mezani mpaka mwanga ukaikwaruza kwa pembeni. Ilikuwa 6. Kitabu kikasema XM, behewa la kawaida lililofungwa, urefu wa ndani futi 40 na inchi 6. Mashine ilikuwa imebuni 8 kwa sababu ilitakiwa ijaze kitu, ikajaza.

Kuna jambo jingine nililifurahia kuliko hata namba. Ubavuni, chini ya CAPY 100000, yaani uwezo wa pauni 100,000, kuna mistari miwili: LD LMT, yaani mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa, na LT WT, uzito wa behewa likiwa tupu. Bega la yule mtu limeziba mstari wa pili, unaona 46 tu. Lakini kwa mabehewa ya tani 50, mistari hiyo miwili ukiijumlisha kwa kawaida unapata pauni 169,000. LD LMT inasomeka 122600. Toa, unapata 46,400. Nimesoma kilicho nyuma ya bega la mtu kwa hesabu ya darasa la nne. Kando yake pana tarehe ya mara ya mwisho behewa lilipopimwa upya, 8-41, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya Agosti 1941.

Sasa seti yenyewe.

Boksi lina mbavu mbili, ncha mbili, paa, sakafu, mfuko wa vipande vidogo, waya wa shaba na karatasi ya stika za maji zenye maandishi ya ubavuni. Bogi na viungio unanunua mwenyewe. Kazi ya usubi ni nzuri mno, hilo nalisema bila choyo. Migongo ya ncha ni mitano mitano mitano. Vichwa vya boliti vinahesabika. Nilipima ubavu kwa kalipa nikapata karibu milimita 142, ndiyo futi 40 na inchi 6 ukigawanya kwa 87. Mlango wa futi 6 umetoka milimita 21. Usukani wa breki umewekwa kileleni mwa fimbo iliyosimama, kama kwenye picha, si ule wa baadaye uliobandikwa kwenye ncha kama saa ya ukutani.

Ubavu mmoja ulikuja umepinda kama ndizi. Hilo halikunisumbua, resini ndivyo ilivyo: maji ya moto dakika mbili, kisha unaulaza juu ya kioo na kitabu kizito juu yake hadi upoe. Msasa piga ukiwa na maji, vumbi lake si la kuvuta puani. Matundu ya vishikio ni zaidi ya 40, unayatoboa kwa keekee ya mkono yenye sindano nyembamba kama unywele, nami nilivunja tatu. Na behewa likiisha ni jepesi mno, litaruka relini kwenye kona ya kwanza, kwa hiyo nilibandika nati za kawaida sakafuni kwa ndani mpaka mzani wa jikoni ukasoma gramu 108.

Tatizo langu liko chini ya sakafu na ubavuni. Mfuko una breki za hewa za aina ya AB: silinda, tangi na vali, vitu vitatu vilivyotawanyika. AB ilianza kuingia mwaka 1933. Karatasi ya stika, kwa upande wake, ni ya behewa linalotoka kiwandani mwaka 1919 au 1920, halina hata mstari wa LD LMT. Yaani ukifuata maelekezo ya boksi neno kwa neno, unajenga behewa lenye tumbo la miaka ya thelathini na shati la miaka ya kumi, na hakuna siku hata moja ambayo X26 iliwahi kutembea hivyo. Boksi kwa nje linaandika "sahihi kihistoria". Nilimwandikia muuzaji. Alijibu kwa adabu kwamba wateja wengi hawaangalii chini.

Mimi naangalia chini. Kwenye picha, chini ya ubavu, kuna donge moja tu refu, silinda na tangi vimeungana. Hiyo ni breki ya K, ya zamani, ambayo iliendelea kukubalika katika mabehewa yanayobadilishana kati ya kampuni mpaka 1953. Nikanunua vipande vya K duka jingine, na stika za kipindi sahihi pengine tena. Dola 58 zikawa karibu 90 kabla sijagusa rangi. Kwa hiyo kama unanunua seti hii kama mkusanyiko wa vipande vizuri, nyota nne. Ukinunua ukiamini boksi, mbili.

Rangi ilikuwa kitendawili cha peke yake. Filamu nyingi za zamani za nyeusi na nyeupe hazikuwa na jicho la rangi nyekundu, zikaitoa kama nyeusi. Behewa langu kwenye picha ni jeusi kama chungu, ilhali linapaswa kuwa na ile rangi ya udongo mwekundu itokanayo na oksaidi ya chuma. Hapa ndipo nawapa Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, nyota tano na ningeongeza ya sita. Mwishoni mwa 1942 na mwaka 1943 mpigapicha Jack Delano, akifanya kazi kwa serikali, aliingia yadi za reli za Chicago, ikiwemo Proviso ya kampuni ya Chicago and North Western, akiwa na filamu ya rangi ya Kodachrome. Unazipakua bure, faili kubwa ambazo ukizivuta unaona misumari, na kwa kuwa ni kazi ya serikali hazina masharti ya hakimiliki. Mkusanyiko wote wa rangi, wa wapigapicha wa serikali wa wakati huo na si wake peke yake, ni kama picha 1,600, zile za nyeusi na nyeupe ni zaidi ya 170,000. Ubaya wake ni utafutaji. Maelezo ya picha yanakutajia yadi na mwezi, hayakuambii ni behewa gani limesimama nyuma, kwa hiyo ni kukaa na kikombe cha chai na kupekua moja moja. Mimi nilipekua majuma matatu. Nilichojifunza ni kwamba mekundu kumi yaliyosimama pamoja ni mekundu kumi tofauti: moja la matofali, moja la kahawia, moja limepigwa masizi ya treni ya mvuke hata huwezi kuapa kuwa lina rangi. Nilichanganya rangi zangu kwa kufuata la katikati, nikapuliza masizi paani.

Nilipofika kwenye visanduku vya ekseli nikakwama, sikuelewa kwa nini kifuniko kimoja kwenye picha kiko wazi. Nikamtumia mjomba picha. Mjomba alistaafu reli Tabora, miaka mingi alikuwa akikagua mabehewa, na ingawa reli aliyofanyia kazi ni ya upana wa mita moja, alinijibu kwa sauti kabla chai yangu haijapoa.

"Mjomba, shikamoo. Umeiona?"

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Huyo unayesema kapiga pozi hajapiga pozi, yuko kazini. Hilo kopo ni la mafuta. Humo ndani ya kisanduku mnawekwa pamba, inalowa mafuta, ekseli inajilamba humo. Pamba ikikauka, ekseli inaungua, mnalala porini. Huyo ndiyo kafungua sasa hivi, au kasahau kufunga."

"Kwa hiyo niache wazi?"

"Kimoja tu. Na chini yake paka mafuta, mafuta hayamwagiki bila kuacha alama. Halafu huyo mtu umemweka?"

Sikuwa nimemweka. Maduka yanauza watu wa HO wa kila aina, makondakta, abiria, hata bibi harusi, lakini mtu wa mafuta sikumpata. Mwishowe nilinunua mtunza bustani mwenye ndoo ya kumwagilia maua, urefu milimita 20, nikamkata kofia ya ukindu, nikaukwangua mdomo wa ndoo na kupachika uzi wa waya wa shaba uliobaki kwenye mfuko wa seti. Nimemsimamisha pale pale, bega lake limeziba LT WT. Chini ya bega nimeandika 46400.