Gari kuvuta kushoto: uzoefu wangu na alaimenti ya kompyuta, kisha gereji ya breki

Nianze na hela, maana najua ndizo wengi mnazotafuta. Kituo cha alaimenti ya kompyuta (kupima na kunyoosha pembe za tairi): shilingi 35,000. Gereji ya breki na mambo ya chini ya gari, upande wa Tabata: 20,000 ya ukaguzi, kisha spea na ufundi 145,000. Gari limeponea kwa hawa wa pili. Wale wa kwanza si matapeli, nisieleweke vibaya. Kazi waliyoniuzia waliifanya, tena kwa mashine nzuri. Ila haikuwa kazi iliyohitajika, na hakuna aliyejisumbua kuniuliza gari linavuta wakati gani.

Gari ni Toyota IST ya 2004, mkono wa pili kama za wengi wetu. Kazi yake ni Kimara na mjini, wikiendi mara mojamoja Kibaha kwa wazazi. Likaanza kuvuta kushoto. Si kule kuvuta kwa kukutupa mtaroni. Ni kule kwa kukulazimisha uukaze usukani kulia safari nzima, ukifika unashangaa kwa nini bega limechoka.

Ukimwambia mtu wa Dar gari linavuta kushoto, jibu la kwanza ni "barabara zetu ndivyo zilivyo, dada". Kuna ukweli humo. Lami hujengwa na mgongo ili maji ya mvua yateremke pembeni, na sisi tunaopita kushoto tunakaa kwenye mteremko unaoelekea kushoto. Gari zima kabisa, ukilegeza mikono, litaelekea kushoto taratibu. (Ndugu zetu wa Kigali, Bujumbura na Goma wanaopita kulia wageuze hesabu.) Njia ya kujua ni kutafuta mahali tambarare, au barabara tulivu unakoweza kukaa juu ya ule mgongo kwa muda mfupi bila kumletea mtu balaa. Likinyooka pale, barabara ndiyo ilikuwa inakusingizia gari. Langu halikunyooka. Nilijaribu jioni, narudi kutoka mjini, na lilivuta juu ya mgongo kama lilivyovuta pembeni.

Jambo la ajabu, asubuhi halikuvuta. Natoka nyumbani limenyooka kama rula. Foleni ya Ubungo ikishanipika, nikianza kuachia mwendo, ndipo linaelekea kushoto. Nikiliegesha kazini saa kadhaa, linasahau. Hili niliwaambia watu wa alaimenti neno kwa neno. Kijana aliyenipokea akasema, "Sawa, tutaliweka kwenye mashine."

Mashine yenyewe ni ya kisasa, sitaki kudanganya. Kila tairi linafungwa kibao, kamera zinasoma, kwenye skrini zinatokea namba za kijani na nyekundu. Nilitolewa karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Kwa wasiojua kuisoma: tou ni kama pua za tairi mbili zinatazamana au zinaachana. Kemba ni tairi kuegemea ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao tairi hugeukia, ukiutazama kutoka ubavuni. Karatasi yangu ya kabla ilikuwa na wekundu kwenye tou ya mbele peke yake. Kemba ya kushoto na ya kulia zilipishana chini ya nusu digrii, kasta vivyo hivyo.

Mtu anayeielewa karatasi hiyo angesimama hapo. Tou ikikosea hula tairi na huacha usukani ukiwa umepinda, lakini kwa kawaida haivuti gari, kwa sababu tairi mbili za mbele hugawana kosa hilo nusu kwa nusu. Kinachovuta ni tofauti ya kemba au ya kasta kati ya kushoto na kulia: gari huelekea upande ambao tairi limeegemea nje zaidi, au upande wenye kasta ndogo. Langu halikuwa na tofauti ya maana. Pia pembe za tairi hazina asubuhi wala jioni. Chuma kilichopinda kimepinda hata saa kumi na mbili alfajiri.

Wakarekebisha tou, usukani ukakaa katikati (kweli ulikuwa umepinda kidogo tangu nilipobadilishiwa tairodi, zile fito za usukani), wakanipa funguo na kuniambia limepona. Hakuna aliyeliendesha. Kilichonikera zaidi ni kwamba hawakupima upepo kabla ya kuanza. Nilipopita sheli kujaza mafuta, mbele kushoto kulikuwa na PSI 27 na mbele kulia 33. Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake, na hubadilisha hata kimo ambacho mashine inasoma. Kupima upepo ni dakika mbili na haihitaji kompyuta. Nikajaza zote sawa kwa ile stika ya mlangoni, na jioni likavuta vilevile.

Niliporudi kulalamika, niliambiwa mambo mawili: barabara zetu ndivyo zilivyo, na tairi zako zimechoka, tuna mpya. Sikununua. Tairi zilikuwa na meno na tarehe yake ilikuwa nzuri. Zile tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ni wiki na mwaka. 2221 ni wiki ya 22 ya 2021.

Hata hivyo tairi linaweza kweli kuvuta, hata likiwa jipya. Likitoka kiwandani na ukanda wa ndani umekaa upande kidogo, hubingirika kama koni badala ya duara. Kipimo chake ni rahisi: badilisha nafasi za tairi mbili za mbele, la kushoto liende kulia. Gari likianza kuvuta upande wa pili, tairi ndilo. Kama yana mshale wa mwelekeo, fanya kwa safari fupi ya majaribio tu, kisha uyarudishe. Kijana wa mtaani kwetu alinibadilishia kwa elfu tano, na kushoto kukabaki kushoto. Tairi zikatoka kwenye orodha.

Gereji ya pili nilielekezwa na dereva wa bajaji, na kwa sura usingeichagua. Bati, vumbi, benchi moja. Fundi mkuu ni mzee wa makamo asiyependa maneno. Nilimwamkia, akaitika, akachukua daftari la shule akaanza kuuliza. Linavuta lini, likiwa baridi au likishatembea? Ukikanyaga breki linakwenda wapi? Ukiachia breki je? Ukikanyaga mafuta? Ukitoka kwenye kona ya kulia linabaki linavuta kulia? Nilijibu nilichojua, la breki sikuwa na hakika nalo.

Akasema tulitembeze, akashika usukani yeye, mimi pembeni. Tukatoka hadi barabara ya Mandela na kurudi, huku anakanyaga breki mara kwa mara kwa makusudi, maana bila joto ugonjwa haujitokezi. Njiani akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukigundua. Akigusa breki, gari linaelekea kulia kidogo kwanza. Akiachia, linarudi kushoto na kubaki huko. "Kushoto inachelewa kukamata, halafu inachelewa kuachia," alisema. Hakuongeza neno mpaka gereji.

Tulipofika alitoa kipimajoto cha kulenga, kile kinachofanana na cha kupimia watu paji la uso wakati wa korona, akapima diski zote mbili za mbele. Kulia digrii 85. Kushoto 190 na ushee. Rimu ya kushoto hukuweza kuiwekea kiganja, na ukiinama unasikia harufu ya pedi zilizoungua. Msomaji usiye na kipimajoto, sogeza nyuma ya mkono karibu na kila rimu baada ya safari, usiguse. Tofauti kubwa kiasi hicho utaisikia.

Akapiga jeki, akajaribu kuzungusha tairi kwa mkono. Zito, halizunguki. Hapa ndipo gereji nyingi zingesema "kalipa imekufa, leta laki mbili na kitu", yaani kile kibano kinachokandamiza pedi kwenye diski. Yeye alichukua spana ndogo na kuilegeza ile skrubu ya kutolea upepo juu ya kalipa. Mafuta ya breki yakaruka kwa nguvu, meusi kama chai ya rangi, na pale pale tairi likazunguka lenyewe kama la baiskeli. Akanitazama kuona kama nimeelewa. Nilielewa aliponifafanulia: kama pistoni au pini za kalipa ndizo zimeganda, kufungua skrubu kusingesaidia kitu, tairi lingebaki limebanwa. Limeachia kwa sababu kulikuwa na presha iliyofungiwa ndani ya kalipa, haipati njia ya kurudi. Na kama masta silinda (pampu kuu ya breki) ndiyo inayong'ang'ania presha, lisingebanwa tairi hili peke yake. Kilichobaki ni hosi ya breki ya kushoto, ule mpira unaopeleka mafuta kwenye kalipa.

Kwa nje hosi ilikuwa safi, haivuji wala haijapasuka. Alipoibadilisha aliikata kwa kisu kwa urefu ili nione. Mpira wa ndani ulikuwa umevimba na kuchanika utando, tundu limebaki jembamba hata njiti ya kiberiti ingepita kwa kulazimisha. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite hapo kwenda kwenye kalipa. Kurudi hayana msukumo wa namna hiyo, yanarudi kwa kunyemelea. Pedi zinabaki zimeigusa diski, joto linapanda, mafuta yanatanuka, na breki inazidi kujikaza yenyewe. Ndiyo maana foleni ya breki nyingi ndiyo iliyoamsha ugonjwa, na kuegesha kukaupoza.

Kazi iliyofanyika: hosi mbili za mbele (alikataa kubadilisha moja, ya kulia ina umri uleule na ingenirudisha), pedi za mbele seti nzima kwa kuwa za kushoto zilikuwa zimekwisha na kung'aa kama kioo, mafuta mapya ya breki, na kutoa upepo. Pini za kalipa alizivua, akazisafisha, akapaka grisi maalumu ya breki. Nilimwona kijana wake akichovya kidole kwenye kopo la grisi ya kawaida akamzuia kwa ukali, kwamba grisi ile huvimbisha mpira na utarudi na tatizo lilelile kwa mlango mwingine. Kwa kitu hicho kimoja ningempa nyota zote.

Sasa lawama zao, maana zipo. Bei ya spea haikutajwa hadi nilipouliza, na niliuliza baada ya gari kuwa tayari limefunguliwa. Waulize mapema, au nunua mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Gerezani ukiwa na hosi ya zamani mkononi kama sampuli. Wanachelewa: niliambiwa ni kazi ya muda wa saa mbili, nikakaa hadi jua linazama. Risiti ya EFD ilibidi niidai, ikatoka baada ya kuzungushwa kidogo. Na kijana mmoja alinishawishi nibadilishe bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini "kwa kuwa gari liko juu". Nikamwomba anionyeshe. Akatia mtarimbo, bushi hazikucheza, yakaishia hapo.

Kwa wale ambao lenu halifanani na langu, yale maswali ya daftarini yanafaa kunakiliwa. Linalovuta muda wote, baridi au moto, ni la tairi, upepo, au tofauti ya kemba na kasta, na hapo alaimenti ina kazi yake. Kwenye gari kama IST kinachorekebishwa kwa kawaida ni tou ya mbele, kwa hiyo kemba ikitoka sana usikubali "imewekwa sawa" bila kuonyeshwa kilichopinda baada ya shimo. Linalovuta ukikanyaga breki tu, anza na kalipa na hosi za pande zote mbili, ukikumbuka kuwa mgonjwa anaweza kuwa upande ambao gari haliendi. Linalobaki likivuta upande wa kona ya mwisho uliyokata lina boljointi au beringi ya juu ya shokapu iliyokaza. Linalovuta ukikanyaga mafuta tu ni la kutazamwa bushi na ekseli. Na gari lenye usukani wa umeme, kama vimetazamwa vyote na havina kosa, sensa yake inaweza kuhitaji kurudishwa sifuri kwa mashine ya daigonosi.

Alama zangu: kituo cha alaimenti, mbili na nusu kati ya tano. Mashine nne, masikio moja. Ningerudi kwao nikiwa najua kuwa ninachohitaji ni alaimenti, na ningepima upepo mwenyewe kwanza. Gereji ya Tabata, nne. Jumamosi usiende, gari zinapangana hadi barabarani. Katikati ya wiki saa mbili asubuhi unamkuta mzee mwenyewe, na kama gari lako huvuta likiwa moto, pitia kwenye foleni kabla ya kufika ili alikute linaumwa. Lipa namba wanayo, keshi pia wanapokea.