Raspberry Pi Zero 2 W: kuendesha programu inaweza, kuikompaili inataka subira

Bodi hii, kompyuta nzima kwenye kibao kimoja kidogo, ilitoka Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15. Kwa kituo cha hali ya hewa kwenye shamba la kahawa Mbozi, au kwa kupima maji ya tangi kule Uyole, ni bodi ya kununua: ndogo, haili umeme, Wi-Fi imo ndani. Shida huanza siku unapotaka kukompaili programu juu yake, yaani kugeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa. Wengi hulaumu msimbo, kumbe kosa liko kwenye RAM, chaja au saa.

RAM ndiyo inayoua kazi nyingi zaidi. Ni MB 512 tu, na GPU, kichakata picha, nayo inachukua fungu lake. Kwa kuwa kore za kichakata ziko nne, mtu anaandika `make -j4`, yaani kukompaili mafaili manne kwa pamoja, kama alivyozoea kwenye laptopu. Inakwenda hadi asilimia 60 au 70, terminali inaganda dakika kadhaa, halafu inatoka hii: `c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`. Neno la kusoma hapo ni Killed. Kerneli, kiini cha mfumo, imeishiwa RAM, ikaiua kompaila. Hakikisha kwa `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`, kisha rudia kwa `make -j1`, faili moja moja. Itaendelea pale ilipoishia, haianzi upya.

Ikiuawa tena, ongeza swapu, sehemu ya memori kadi inayotumika kama RAM ya ziada. Kwenye Raspberry Pi OS ya Bookworm, anza na `sudo dphys-swapfile swapoff`, weka `CONF_SWAPSIZE=1024` kwenye `/etc/dphys-swapfile`, kisha `sudo dphys-swapfile setup` na `sudo dphys-swapfile swapon`. Kazi ikiisha irudishe ilivyokuwa, maana swapu huandika kwenye memori kadi mfululizo na kadi hafifu hufa mapema. Kama hutumii kamera, mstari `gpu_mem=16` kwenye `/boot/firmware/config.txt` unakurudishia MB 48. Kwa bodi hii hizo si haba.

Kosa linalohamahama, leo faili hili kesho lile, likija na `internal compiler error: Segmentation fault`, kagua umeme kwanza. Bodi inataka volti 5 na ampea 2.5. Chaja ya simu yenye waya mwembamba wa mita 2 hushusha volti pale kore zote zinapofanya kazi. Andika `vcgencmd get_throttled` wakati kazi inaendelea. `0x0` ni salama; `0x50005` maana yake umeme ni mdogo sasa hivi; `0x50000`, ulipungua wakati fulani tangu uwashe. Badilisha waya kabla ya chaja: tafuta mfupi na mnene. Joto lisiwe la kwanza kulishuku, hasa kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai.

Saa inasahaulika kabisa. Bodi haina saa yenye betri, huchukua saa mtandaoni, kwa hiyo umeme ukikatika na bando likiwa limeisha, inawaka na tarehe ya nyuma. `make` inalalamika `Clock skew detected`, `apt` inasema faili la Release `is not valid yet`, `git` inakataa cheti cha usalama cha tovuti. Angalia `timedatectl`, sahihisha tarehe kwa `sudo date -s`, kisha `make clean` na uanze upya. Dawa ya kudumu ni moduli ya saa ya DS3231 yenye betri: VCC pini 1, SDA pini 3, SCL pini 5, GND pini 6, washa I2C, njia ya mawasiliano ya moduli hiyo, kwenye `raspi-config`, kisha ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`. Pini za bodi ya kawaida haziji zimechomelewa, uwe na risasi na pasi ya kuchomelea.

Kwa Python, chagua mfumo wa biti 32, maana piwheels, ghala la vifurushi vya Python kwa Raspberry Pi, ina vifurushi vya biti 32 vilivyokwisha kukompailiwa. Ukiona `Building wheel for` imekaa muda mrefu, bonyeza Ctrl+C, utafute kifurushi hicho kwa `apt`, mfano `python3-numpy`, na utengeneze venv (mazingira ya Python ya mradi wako) kwa `--system-site-packages` ili ikione. Ikidai `Python.h` haipo, sakinisha `python3-dev`.

Inunue kwa kuendesha programu. Kama utakompaili C++ kila wiki, ongeza hela uchukue Raspberry Pi 4 ya GB 4, ukompaili humo kwenye mfumo ule ule, biti zile zile, bila `-march=native`, ndipo uhamishie memori kadi kwenye Zero.