Mashine ya kutoa minofu ya samaki, miezi minane nayo: uzoefu wangu

Wengi wakisikia nimenunua mashine wanadhani nilitaka kupunguza watu. Hapana, tatizo lilikuwa mikono. Mezani tulikuwa sita, asubuhi kazi inaenda safi kabisa, ikifika saa nane mchana baridi ya barafu imeshaingia kwenye vidole, kisu hakishikiki vizuri, huyu anaacha nyama nene kwenye mifupa, yule minofu yake inatoka imechanika chanika, mwingine kajikata anatafuta plasta. Nikasema mashine haipati ganzi, ngoja nijaribu.

Niliyochukua ni ya saizi ya kati, siyo yale madude marefu ya kwenye viwanda vikubwa. Samaki anaingia akiwa kashakatwa kichwa na kutolewa matumbo, yangu inataka mkia utangulie, ukimgeuza umeharibu. Ndani kuna vibao vya kumshika asiyumbe, halafu visu vya duara viwili viwili, jozi ya chini inapita huku na huku ya miba ya upande wa tumbo, jozi ya juu inapita mgongoni, halafu vingine vinaparua juu ya mbavu, mwisho minofu miwili inadondoka na uti wa mgongo unatokea kwingine. Ukiiangalia mara ya kwanza unaweza kusimama hapo nusu saa unashangaa tu.

Ila siku ya kwanza haikukata kitu. Yaani samaki anaingia, mashine inamng'ata na kumrudisha, nyama imesagika kama imetafunwa na mbwa. Nikampigia muuzaji, akaniambia samaki wangu laini. Samaki walikuwa wamevuliwa asubuhi ileile! Fundi umeme ndo akaja kugundua kwamba visu vinazunguka kinyumenyume, mashine ni ya umeme wa fezi tatu na nyaya zilikuwa zimepishana, akabadilisha mbili tu kazi ikaisha. Dakika tano. Kwa hiyo kama unafunga mashine ya fezi tatu, kabla hujatia samaki iwashe tupu uangalie kama visu vinazunguka kufuata mshale wa mzunguko.

Sasa tuje kwenye kitu kinachonigusa mimi kuliko spidi, nacho ni mnofu unaobaki. Maana kila mtu anakuhubiria samaki wangapi kwa dakika, hakuna anayekwambia kilo ngapi zinaondoka na mifupa. Mimi nakata tilapia zaidi, na tilapia ni samaki mchoyo, ukishatoa kichwa, mifupa na ngozi unabaki na theluthi hivi ya uzito wake. Wiki ya pili nikapima, kilo 100 za samaki wazima mkononi, kilo 100 nyingine kwenye mashine, yote ngozi imetoka. Mkononi nikapata 34. Mashine, 28. Kilo sita zimeenda na mifupa! Tena kuna dada pale mezani ndo mkataji wetu bora, alishaniambia mapema, "Bosi, hii kitu inakula mnofu," nikamwona kama anatetea kazi yake. Kumbe yeye alikuwa ananyanyua ile mifupa na kuiangalia kwenye mwanga, uti wa samaki aliyekatwa vizuri unapitisha mwanga, hii ilikuwa imevaa nyama kama koti.

Na sababu siyo visu. Ni kwamba mashine umeiseti kwa samaki wa unene fulani, akija mwembamba au mnene kuliko hapo visu havifuati mfupa vizuri, na sisi tulikuwa tunamwaga kreti zima humo, mdogo kwa mkubwa. Zipo za bei mbaya zinazompima samaki mmoja mmoja na kujirekebisha zenyewe, yangu siyo hiyo, yangu unashika spana. Basi tukaanza kuchambua, mafungu matatu kwa uzito, tunamaliza fungu moja, tunazima, tunaseti upya, tunaendelea. Nikapima tena nikapata 32, siku nyingine 33. Mkono bado unaishinda kidogo, lakini unaishinda asubuhi, saa nane mchana mashine iko mbele sana tu.

Kingine nilichojifunza kwa maumivu ni habari ya samaki kukakamaa. Akishakufa baada ya masaa kadhaa anakuwa mgumu kama ubao, tena mara nyingi kajipinda vile alivyolala kwenye boksi, mkononi unaweza kumbembeleza, mashine haina huo muda, inataka samaki aliyenyooka, aliyepinda unamkuta mnofu wa kushoto mnene na wa kulia karatasi. Ukimnyoosha kwa nguvu nyama inapasuka mistari mistari. Dawa ni kumpanga amenyooka tangu mwanzo kwenye barafu, na kusubiri ule ukakamavu uachie. Hilo halipo kwenye kitabu cha maelekezo, mule kuna picha za boliti tu.

Halafu msidanganyike na neno "minofu isiyo na miba". Kuna kile kimstari cha vimiba vidogo katikati ya mnofu upande wa kichwani, mashine yangu haivigusi, lazima mtu akate kipande chembamba kwa kisu avitoe. Na ngozi pia haichuni, hiyo ni mashine nyingine ya kujitegemea, jambo ambalo muuzaji alilitaja nikiwa nimeshalipa.

Usafi. Hapa ndo penye kazi, na ndo mtu asipopajua anaichukia mashine. Kila jioni tunaifungua, visu nje, vibao nje, mpira wa maji, sabuni ya povu, brashi, maji tena, dawa, karibu saa zima watu wawili. Magamba yanajificha sehemu ambazo huamini, ukiacha usiku mmoja asubuhi harufu inakupokea mlangoni, na harufu siyo ishu kubwa, ishu ni vijidudu, kuna aina kama listeria vinaendelea kukua hata kwenye baridi ya friji. Bodi ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, daraja la 304, iko poa kwa samaki wa maji baridi ila kama unafanyia kazi ya maji chumvi ulizia 316, inavumilia chumvi zaidi. Beringi moja imeshakufa kwangu, naamini ni kwa sababu kijana alikuwa anapiga maji ya presha moja kwa moja pale pale. Grisi nayo iwe ile ya mashine za chakula, siyo ya gari jamani.

Usalama niseme kimoja tu. Zile glovu za nyavu za chuma ni nzuri mno mezani, kwenye mashine usizivae, kisu kinachozunguka kikinasa ule wavu kinavuta mkono wote. Sisi tulikuwa tunazivaa wiki ya kwanza, nikikumbuka nasisimka. Na kifuniko kikifunguliwa mashine lazima izime yenyewe, kama haizimi usiwashe.

Kama samaki wako wanakuja saizi mchanganyiko, leo tilapia kesho kambare keshokutwa kitu kingine, baki na visu, nunua jiwe zuri la kunolea na mlipe vizuri mkataji wako. Kama unakata aina moja kila siku na una watu wa kuchambua, inalipa. Mimi sijapunguza mtu, wawili wako kwenye kuchambua, wawili kwenye vile vimiba, mmoja analisha. Yule dada ndo anaseti mashine siku hizi, anashika mfupa wa kwanza wa kila fungu anauinua kwenye taa, akikunja uso tunazima.

Sasa hivi nataka ya kuchuna ngozi, ile ya rola lenye meno linalovuta ngozi chini ya kisu. Aliyewahi kuitumia aniambie inaondoka na nyama kiasi gani, ila naomba jibu la kilo, "iko poa tu" nilishaambiwa na muuzaji.