Bima ya Afya kwa Aliyejiajiri: Ipi Ianze, Ipi Ifuate

Aliyeajiriwa hukatwa mchango wa bima kwenye mshahara, na mara nyingi mwajiri humwongezea sehemu. Aliyejiajiri hulipa wote mwenyewe, tena kutokana na kipato kinachopanda na kushuka. Ndiyo maana nimezipanga njia hizi kwa kuangalia kwanza ni ipi itakayodumu hata katika mwezi usio na kazi. Bima iliyokatika kwa kukosa malipo haimlipii mtu kitu, na anayejiunga upya huenda akaanza tena kipindi cha kusubiri, yaani muda ambao analipa lakini bima bado haimgharamii matibabu.

Ya kwanza ni kuandikishwa kama mtegemezi katika bima ya mwenzi aliyeajiriwa, iwapo kanuni zinaruhusu. Wengi huisahau wakaenda moja kwa moja kwa wakala, ilhali mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba ajira ikikoma, bima nayo hukoma.

Ya pili ni mfuko wa umma, mahali ambapo waliojiajiri wanapokelewa. Mzigo wa wagonjwa hubebwa na wanachama wengi, na pale mchango unapokadiriwa kwa kipato, mwenye kipato kidogo hupata ahueni.

Ya tatu ni bima ya kikundi kupitia ushirika au chama cha taaluma. Kikundi huweza kupewa masharti ambayo mtu mmoja hapewi, hasa mwenye ugonjwa sugu. Hata hivyo, hakikisha kwamba jina lako limo katika orodha ya kampuni ya bima yenyewe, si katika daftari la chama tu.

Ya nne ni bima binafsi yenye ada ndogo, ambayo humtaka mgonjwa alipe kwanza kiasi fulani mwenyewe. Hapa hesabu ni lazima. Tuseme mpango mmoja una ada ya 600 kwa mwaka na unakutaka ulipe 1,000 za mwanzo, na mwingine una ada ya 1,000 na unakutaka ulipe 200 tu, kisha yote miwili hulipa gharama zote zinazobaki. Mwaka wa afya njema, wa kwanza unakuokolea 400. Mwaka wa kulazwa kwa gharama ya 5,000, unatumia 1,600 badala ya 1,200, yaani 400 zile zile zinarudi kukudai. Kwa asiyeugua mara kwa mara mpango wa kwanza ni bora, lakini kwa sharti kwamba hizo 1,000 anazo akibani tayari.

Bima binafsi kamili naiweka ya tano kwa sababu ya ada yake tu. Mwenye dawa za kila mwezi anaweza kuipandisha. Anayetarajia kujifungua naye aisome vizuri, kwa kuwa uzazi mara nyingi una kipindi chake cha kusubiri. Kadi za punguzo siziweki popote, kwani si bima.

Kabla ya kutia sahihi, tazama ukomo wa kiasi ambacho bima italipa kwa mwaka, kama ni wa kila mtu au wa familia nzima, na kama hospitali unayoitumia imo katika orodha. Kisha uliza unapewa siku ngapi za nyongeza ukichelewa kulipa, na upewe jibu hilo kwa maandishi.