Tumetibiwa meno nyumba nzima, Mwanakwerekwe

Jamani juzi nimewachukua wote, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, tukenda kliniki ya meno moja huku Mwanakwerekwe, na nasema kweli mie daktari wa meno nilikua namkimbia tangu nipo skuli. Mashaallah yule daktari ana subra. Mwanangu wa miaka 6 kalia mpaka kajifunika uso na kanga yangu, hakumfokea hata kidogo, kampa kioo ashike mwenyewe ajione meno, akatulia. Hapo ndo akanionesha gego limeota nyuma kabisa, mie nilidhani la utoto litangoka tu, kumbe ndo la kudumu hilo, huota kwenye miaka 6 bila jino lolote kungoka, na lishaanza kutoboka!! Ubuyu na kashata kila siku. Kaliziba siku ile ile. Kwengine nilikokwenda mwanzo walitaka kungoa tu wala hawajaangalia vizuri, iliniuma sana.

Bi mkubwa kaambiwa meno yake ya bandia asiyaoshe na maji ya moto yatapinda, na usiku ayavue. Na sote tukimaliza kupiga mswaki tuteme povu tu, tusisukutue, ile floraidi, dawa ya kulinda meno iliyomo kwenye dawa ya mswaki, ibaki.

Foleni ndo ndefu, tumefika saa 2 asubuhi tumetoka adhuhuri ishaadhiniwa, watoto wana njaa. Ila bei waliitaja kabla hawajagusa jino na hawakuongeza hata shilingi. Tunarudi baada ya miezi 6 inshaallah.